Tone la Mtu

Saluni yangu ina viti vinne, na sikumbuki ni lini ilikuwa na watu wanne tu. Anayesukwa yupo, aliyeshasukwa bado hajaondoka, na yule aliyesema anapita kusalimia ameshavua viatu. Fundi simu ana kibanda chake mlango wa pili, chenye kiti kizuri tu, lakini simu za watu huja kuzifungulia kwangu. Anasema kule kwake habari haziingii. Mama Pacha husukwa mara moja kwa mwezi na huja kila siku. Nyuma ya pazia ndiyo nyumba yenyewe: watoto wangu, shangazi yetu, mgeni mmoja au wawili ambao hakuna anayekumbuka walikuja kufanya nini, na mdogo wangu wa mwisho, ambaye tangu utotoni tunamwita Kimya. Mama alikuwa akisema maneno yote ya tumbo lake niliyabeba mimi niliyetangulia, mwenzangu alipokuja akakuta stoo tupu.

Kimya anafanya kazi kwenye maabara ya utafiti, ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ni pambo. Anachunguza vidonda vinavyokataa kupona, vile vya miguuni ambavyo mtu hukaa navyo hadi akazoea kulala na mguu juu ya mto. Hilo nililijua, na wateja wangu wote walilijua, maana nililitangaza. Zaidi ya hapo, ukimwuliza kazi inaendaje, anapandisha bega.

Basi siku moja simu yangu ikaita. Mtu akasema ana mzigo wa maabara, anagonga geti na hafunguliwi. Kimya alikuwa ameandika namba yangu kwa sababu yake haipokei akiwa kazini. Nikamwambia, "Kaka, si ulete tu huku, sisi hatufungi." Akaleta boksi jeupe, jepesi, la aina ile inayokuja na televisheni mpya, limezungushiwa utepe wa gundi pande zote. Nikaliweka kwenye kiti cha wageni.

Kimya alifika mbio, koti jeupe mwilini, hajui hata kiatu kimoja kimefunguka kamba.

"Dada, liko wapi?"

"Limekaa hapo kama bibi harusi. Hata soda halijaomba."

Hakucheka. Alichana utepe kwa wembe wangu, akafunua, na moshi mweupe ukamwagika mpaka sakafuni. Mama Pacha akapandisha miguu kitini.

"Jamani! Linapumua!"

"Ni barafu kavu, mama. Usiiguse tu." Akavaa glavu, akachimbua ndani ya ule moshi, akatoa kichupa kisichozidi pingili ya kidole. Akakiinua kwenye taa. Mabega yake yakashuka. "Bado kimeganda. Asante Mungu."

Fundi simu alikuwa ameshaweka bisibisi chini, amenyoosha shingo. "Mbona hamna kitu humo? Kimya, mmepigwa. Mmeuziwa kifuniko."

"Kipo. Tone moja."

"Tone la nini?"

Siku nyingine angepandisha bega. Siku ile hofu ilikuwa imemtoka ghafla, na nadhani ilipotoka iliacha mlango wazi.

"La mtu," akasema.

Kitana changu kikasimama katikati ya kichwa cha mteja.

"Mtu gani?" Mama Pacha aliuliza kwa sauti ya msibani.

"Hakuna mtu. Hakuna aliyetolewa damu wala nyama. Mwili una maelekezo ya kutengeneza kila kitu chake, si ndiyo? Sasa watengenezaji wamenakili maelekezo ya kitu hiki kimoja tu, wakazipa seli zinazofugwa ndani ya tangi. Zile seli hazijui maelekezo yametoka kwa nani. Zinasoma, zinatengeneza. Halafu wanachuja, wanachuja, mpaka kibaki hiki peke yake."

"Kwa hiyo ni mtu, ila hajawahi kuzaliwa," fundi simu akasema.

"Si mtu. Ni kitu cha mtu."

"Cha nani sasa?"

Kimya akamwangalia kana kwamba ameulizwa jua ni la nani. "Chako. Changu. Cha Mama Pacha. Kwetu sote ni kile kile."

Nimekaa na watu wengi mle ndani, wa kila dini na kila timu ya mpira, na sijawahi kuwaona wakitazama kitu kimoja hivyo. Kila mmoja alikitazama kile kichupa kama unavyomtazama mgeni anayefanana na marehemu wa kwenu.

Nikamwuliza kinafanya nini. Akasema kinakata. Kati ya seli na seli, mwilini mwetu, kuna wavu. Ndio unaotushika tusimwagike kama uji. Kitu kile, ambacho wao wanakiita kimeng'enya, ni mkasi wa wavu huo.

"Mkasi wa kutukata sisi, ndani yetu wenyewe?" fundi simu akauliza. "Nani aliuruhusu?"

"Bila huo usingefika hapa. Ukijikata kidole, wavu wa zamani lazima ukatwe ili nyama mpya ipate njia. Mama Pacha, baada ya wale watoto, tumbo la uzazi lilikuwa kubwa kama nini?"

"Usinikumbushe, mwanangu."

"Na likarudi. Nani alilipunguza?"

Mama Pacha akaweka kiganja tumboni. "Mimi nilijua ni ule mkanda," akasema, na tulicheka, lakini mkono hakuutoa.

"Na vidonda vyenu?" nikauliza.

"Kule nadhani mkasi haujui kuacha. Unakata na mpya pia." Akakirudisha kichupa barafuni, taratibu, kama anamlaza mtoto. "Nadhani tu. Miaka miwili napima maji ya vidonda na sioni kitu. Sijui kama hakimo, au mimi ndiye sioni. Ndiyo maana tumeagiza chenyewe, safi. Nikikiona hiki, nitajua kwamba macho yangu ni mazima."

Akaondoka na boksi lake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila mtu kumkanyaga mguu.

Wiki ile nilitafuta kisingizio nikapanda zile ngazi kumpelekea funguo. Mlinzi ananijua, nilimsuka mke wake. Chumba kilikuwa kirefu, meza zake nyeupe zimekaa kama vitanda vya wodi, friza zikinguruma ukutani, na harufu ya spiriti. Kimya alikuwa ameinamia trei yenye maji, na ndani ya maji kulikuwa na karatasi laini ya jeli, rangi ya bluu kama wino.

Akanieleza bila kuinua kichwa. Jeli ile imechanganywa na jelatini, ambayo hutokana na wavu ule ule wa ngozi na mifupa. Kimeng'enya kinapitishwa humo kwa umeme, kinaachwa kwenye maji ya uvuguvugu kikila jelatini, kesho yake jeli inatiwa rangi. Palipo na jelatini rangi inashika. Palipoliwa haina cha kushika, kwa hiyo panabaki uwazi, kidirisha.

"Dirisha liko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo, Dada. Hakuna."

Bluu tupu, ncha hadi ncha.

Kwenye meza ya pili alikaa mwenzake, kijana wanayemwita Miwani, mtu wa vinasaba kama wote mle ndani isipokuwa mdogo wangu. "Shikamoo, Dada," akasema. "Si nasikia boksi lilipitia saluni kwanza? Labda lilikaa chini ya lile kofia la kukaushia nywele." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ndivyo tulivyolelewa. Ila moyoni pakanichoma.

Kimya alirudia. Bluu. Akarudia tena, akitumia kile kichupa kidogo kidogo, na bluu ikabaki bluu. Mkuu wa maabara, mama mrefu mwenye sauti ndogo ambayo hakuna anayeomba irudiwe, akamwita. Akamwambia kazi ambayo haionyeshi kitu haiwezi kukalia meza milele. Ijumaa, kama hakuna kitu, meza inakwenda kwa kundi la Miwani, na Kimya atahamia kwao kuwasaidia. Vidonda basi. Miwani hakuwa mtu mbaya, lakini siku hiyo hiyo alianza kusogeza makasha yake.

Kimya alirudi nyumbani alasiri, akapita katikati ya watu bila salamu. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye sinki.

"Nywele zako zimekuwa zulia la mlangoni. Inama."

Akainama. Nilijua alikuwa akilia kwa sababu mgongo ulitikisika, na maji yalikuwa bado hayajafunguliwa. Nikafungua maji. Nilipoanza kumpaka sabuni ndipo nikamwambia anieleze tena, hatua kwa hatua, kile kitu wanakifanyaje. Sikuwa na la kumshauri. Ni vile tu siwezi kuishi na habari nusu.

Akasema kwanza wanakitia sabuni, kali kuliko hii, na sabuni inakikunjua. Kimeng'enya kikiwa kizima kimejikunja kwa namna yake, na kukunjika kule ndiko mkasi wenyewe. Kikikunjuliwa kinakuwa uzi tu. Uzi ule ndio unaovutwa na umeme ndani ya jeli.

"Sasa si mmeshakiharibu?"

"Hapana. Baadaye tunaiosha sabuni, na chenyewe kinajikunja upya. Kinarudi vile vile."

"Nani anakionyesha?"

"Hakuna. Kinajua."

Mikono yangu ilisimama kwenye povu. Mimi nimenyoosha nywele za watu maisha yangu yote. Unazipitisha pasi ya moto, zinalala chini kama kitambaa, mwenyewe anajitazama kwenye kioo anajiona mtu mwingine. Halafu mvua moja, na kila unywele unarudi kwenye pete yake, ule ule mzunguko, bila kukosea. Nilikuwa nimeliona hilo mara elfu na sikuwahi hata siku moja kushangaa. Niliposikia kwamba kuna kitu kidogo kisichoonekana, hakina kichwa wala kumbukumbu, kinavuliwa umbo lake lote na kulivaa tena gizani, nikaushika unywele wake mmoja wenye povu, nikautazama.

"Halafu?" nikasema.

"Halafu kinaachwa kipate kula, ndani ya maji ya nyumba."

"Maji ya nyumba ndiyo yapi?"

Yalikuwa maji ya kwenye chupa kubwa iliyokaa mezani kwa Mkuu. Zamani friza moja ya maabara iliharibika na sampuli zote zilizokuwamo, kazi ya watu wengi ikaoza, na tangu siku hiyo ikawekwa sheria: maji yote ya kuanzia kazi yanatoka kwenye chupa ile, na ndani ya chupa ile lazima kuwe na kinga. Mgeni akiingia kazini, hata choo hajaonyeshwa, anaonyeshwa chupa. Wanajivunia. Tangu hapo hakuna kilichooza.

"Kinga inafanyaje?"

"Inakamata madini. Vitu vingi vinavyokula sampuli haviwezi kufanya kazi bila kushika madini kidogo. Kinga ikiyanyakua, hata kama mlaji yumo, anabaki amekaa tu, hana meno."

Nikaanza kusuuza. Alinyamaza sana, hata kwa Kimya.

"Maji ya moto?" nikauliza.

"Hapana."

"Nimekuumiza?"

"Dada, funga maji."

Nikafunga. Alikuwa bado ameinama, maji yakimtiririka puani.

"Mkasi una madini yake, zinki," akasema. "Katikati kabisa, pale kinapokatia, kimeshika zinki. Bila zinki hakikati hata hewa. Mimi ndiye... Siku zote hizi nakiandalia chakula, halafu nakiweka kwenye maji yanayokinyang'anya meno. Na vidonda pia. Vyote nimevipitisha mle mle. Miaka miwili."

"Na hao wenzako hawakujua?"

"Wao ni wa vinasaba, kwao kinga ni uhai. Na mimi nilionyeshwa chupa siku ya kwanza kama wote. Huwezi kuiuliza chupa ile, Dada. Ni kama kuuliza kwa nini tunanawa mikono."

"Basi inuka! Kimbia!"

"Nikimbie na povu sikioni? Malizia." Akajifuta uso kwa taulo. "Na bado huenda kimekufa kweli. Huenda Miwani amesema kweli. Kimebaki cha mara moja tu."

Yaliyotokea kesho yake mbele ya Mkuu nimeyatoa kwa Kimya neno kwa neno, kama mtu anayetolewa miba. Alisimama katikati ya chumba, yeye ambaye hata "samahani" husema kwa macho, akasema, "Mkuu, maji ya nyumba ndiyo yanayoniharibia."

Miwani akasema, "Maji ya nyumba hayajawahi kuua kitu."

"Ndiyo shida yenyewe," Kimya akajibu. "Hayaruhusu kitu kiliwe. Na changu kazi yake ni kula."

Akaeleza zinki. Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kizibo cha chupa yake kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Ile sheria aliiweka yeye mwenyewe.

"Umebakiwa na kiasi gani?"

"Cha mara moja."

"Kigawe. Nusu kwenye maji yako mapya, yasiyo na kinga. Nusu kwenye maji ya nyumba. Na maji ya vidonda hivyo hivyo."

"Nikikigawa, nikikosea hakuna kingine."

"Usipokigawa," Mkuu akasema, "ukipatia, hakuna atakayejua kwa nini."

Akakigawa.

Ijumaa tulikwenda kumpelekea chakula. Mimi, Mama Pacha na fundi simu, watu wazima watatu, bakuli moja. Mlinzi alitutazama akaona aangalie pembeni. Tulipofika mlangoni, tunahema, Mkuu akageuka.

"Hawa ni akina nani?"

"Familia," Kimya akasema.

"Wote?"

"Hawa ni wachache."

Mkuu akatuonyesha ukuta wa kusimamia, akasema tusiguse kitu. Fundi simu akaficha mikono mgongoni kama mwanafunzi.

Trei mbili zilikuwa mezani, moja kando ya nyingine, chini ya taa. Ndani ya kila moja jeli, na zote zilikuwa bado kwenye rangi, bluu nzito, huoni tofauti. Makasha ya Miwani yalishajaza nusu ya meza ile. Kimya alimwaga rangi, akamimina maji safi, akaanza kuzitikisa zile trei taratibu, mkono huu na mkono huu. Bluu ya juu ikayeyuka kidogo ikaingia majini. Akamwaga, akamimina tena. Hakuna aliyekaa.

Trei ya kushoto, bluu. Ya kulia, bluu.

Akamimina tena.

Kwanza nilidhani ni mwanga wa taa umecheza juu ya maji. Nikasogeza kichwa, mwanga haukusogea. Kwenye ile jeli ya kulia, upande alipokiweka kile cha kwenye boksi, rangi ilikuwa inakuwa nyepesi, kama pumzi kwenye kioo. Kisha ikawa mstari. Kisha mstari ukawa na kingo, mnyoofu, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, na ndani yake ukaona mpaka chini ya trei, weupe kabisa. Hapakuwa na mkono uliopagusa. Kile kitu kilisokotwa ndani ya tangi na seli zisizotujua, kikagandishwa, kikavuka bahari, kikakaa saluni kwangu kwenye kiti cha wageni, kikavuliwa umbo, kikavutwa na umeme, kikaoshwa, na usiku, watu wote tumelala, kikajikunja chenyewe, kikashika zinki yake, kikaanza kula.

"Kimo," Kimya akanong'ona. "Kilikuwa hai."

"Angalia kule," Mama Pacha akasema. Alikuwa amesahau kwamba tuko ukutani, ameshafika mezani, na hakuna aliyemrudisha.

Kwenye njia za pembeni, zile za maji ya vidonda, madirisha yalikuwa yanafunguka. Moja, jingine, na jingine. Mengine membamba, mengine mapana. Na yote yalikuwa usawa mmoja na lile la kichupa, kama watu waliopangwa kwa rula.

"Hawa ni akina nani?" Mama Pacha akauliza.

"Siwajui. Wagonjwa. Kwangu wana namba tu."

"Na kinachowala ni kile kile cha kwenye boksi?"

"Ni kile kile. Vitu vilivyo sawa husimama mstari mmoja."

Mama Pacha akajishika mkono kwa mkono. Fundi simu naye akasogea mezani, mikono bado mgongoni. Mimi nilitazama wale watu wasio na majina, miguu yao iko huko vitandani juu ya mito, na siri ya ndani kabisa ya maumivu yao imekaa mbele yangu kama madirisha ya nyumba zenye taa. Nikaona haya kidogo, kama nimechungulia. Lakini sikuweza kuacha kutazama.

Trei ya kushoto, ya maji ya nyumba, ilibaki bluu tupu, na Mkuu ndiye aliyeitazama hiyo kuliko wote. Akazisogeza trei zikagusana. Akatazama huku, akatazama huku.

Miwani alivua miwani, akaipangusa, akainama mpaka pua ikakaribia maji. "Huyu wa mwisho," akasema polepole, "mbona dirisha lake ni pana hivi?"

"Huyo ndiye kidonda chake hakifungi kabisa," Kimya akasema. Miaka miwili alikuwa anadhani tu. Sasa alikuwa anaona.

Mkuu akajinyoosha. Hakupiga makofi, hakumkumbatia mtu. Alisema tu, "Miwani, makasha."

Lakini Miwani alikuwa ameshainua la kwanza, akalirudisha kwenye meza yake, akaja kuchukua la pili. Fundi simu akaenda kumsaidia bila kuombwa. Kimya alisubiri mpaka meza ikawa nyeupe tena, yote, kona hadi kona. Akaifuta kwa kitambaa. Akavuta kiti. Akatoa frizani kasha lililojaa vichupa vya maji ya vidonda, vile vyote alivyokuwa amevipima bila kuona kitu, akaanza kuvipanga upya kuanzia cha kwanza.

Nikasogea na bakuli. "Kimya, kula kwanza."

Alikuwa ameshavaa glavu. "Liweke hapo nje, Dada," akasema. "Nina kazi."